Aliyerudi Kumtafuta Mgeni

Mable Wakesho aliolewa kutoka Ronge, kule chini kwenye joto la wastani, akapelekwa juu milimani karibu na msitu wa Ngangao, mahali ambapo nguo zikifuliwa Jumatatu, hata Alhamisi bado hazijakauka. Mwaka wa kwanza alilia kwa sababu ya baridi. Alikuwa akimwambia mumewe, Sylus Mwadime, kwamba amemleta kuishi ndani ya wingu, na Sylus alikuwa akicheka tu na kwenda kumwongezea kuni.

Sylus alikuwa mkulima wa kabeji kama majirani zake wote. Shamba lake lilikuwa la ngazi-ngazi, limening'inia mlimani, na ukiteleza huko juu unajikuta umeangukia boma la mwenzako. Lakini baada ya barabara ya kupanda kutoka Mwatate kutengenezwa vizuri, na treni mpya ikawa inashusha watu Voi, walianza kuja wageni. Hawakuwa Wazungu wa kutazama ndege tu kama zamani. Hawa walikuwa vijana wa Nairobi na Mombasa wenye mabegi makubwa mgongoni, waliotaka kulala kwenye mahema, kupanda kilele cha Vuria, kupiga picha juu ya majabali, na kupumua hewa ambayo walisema mjini haipatikani. Nyumba ya Sylus ilikuwa ya mwisho kabla njia haijaingia msituni, kwa hiyo wote walipita mlangoni pake, na wote waliuliza njia. Siku moja Sylus akaacha jembe, akawapeleka. Wiki iliyofuata wakaja wengine wakimuulizia kwa jina.

Hivyo ndivyo maisha yao yalivyogeuka. Sylus akawa mwelekezi wa wageni, na Mable akasafisha vyumba viwili vya nyuma, akaweka blanketi nzito, akawa anapika. Aliwapikia kimanga, wakashangaa kwamba muhogo na maharagwe vinaweza kupondwa pamoja vikawa chakula kitamu namna ile. Jumamosi nyumba ilijaa vicheko vya watu asiowajua, viatu vyenye matope vimepangwa barazani, na Mable akasahau kwamba aliwahi kuichukia baridi ile. Binti yao, Sharon, alimaliza shule kwa kazi hiyo, akapata kazi katika duka la simu Voi.

Sylus alikuwa na kanuni yake. Kabla ya kuingia msituni aliwahesabu wageni kwa kidole, kama mwalimu wa chekechea, na walipotoka aliwahesabu tena. Wageni walimcheka. Yeye hakujali.

"Watu wa wenyewe hawa," alikuwa akimwambia Mable. "Kila mmoja ana mama yake mahali."

*

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshika. Kundi moja lilikuja kutoka Nairobi likiongozwa na dada mmoja aitwaye Evelyn, mchangamfu, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo mwema. Mmoja wao alikuwa kijana mrefu, Titus, mwenye kamera shingoni. Tangu kiamsha kinywa alikuwa akizunguka uani akipiga picha kuku, masufuria, mikono ya Mable ikikanda unga. Mable alimpenda. Alimwekea chapati ya ziada.

Waliingia msituni asubuhi, jua likiwaka. Mchana ukungu ulishuka ghafla, kama unavyoshuka huko, ukafuta miti yote hadi mtu haoni mgongo wa aliye mbele yake. Saa kumi jioni kundi lilitoka msituni limelowa, linatetemeka, linacheka kwa woga. Sylus akasimama njiani na kuwahesabu. Akarudia kuwahesabu. Uso wake ukabadilika.

"Yule wa kamera yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Mmoja alisema alimwona akibaki nyuma kupiga picha ua. Mwingine akasema hapana, alikuwa mbele. Walipompigia, simu yake ilikuwa imezimwa.

Sylus aliwaingiza wote nyumbani, akamwambia Mable awape chai, kisha akaanza kufunga tena kamba za viatu vyake.

"Baba Sharon, ngoja kina Obadiah waje mwende pamoja," Mable alimwambia. Obadiah alikuwa jirani na mzee wa kanisa, mtu wa kutegemewa. "Nimeshamtuma mtu akamwite. Jabali linateleza leo."

"Nikingoja, giza litaingia. Huyo hajui hata upande wa kutokea, Mama Sharon. Ataenda moja kwa moja kwenye lile genge, aporomoke."

Akatoa simu yake mfukoni, akamwachia mkononi. "Kaa nayo. Akipata mtandao atapiga namba hii, ndiyo aliyo nayo. Mwambie asimame alipo, asisogee. Mwambie ninakuja."

Akavaa koti la mvua, akaingia msituni. Mable alisikia sauti yake ikiita, "Titus! Eee, Titus!" ikididimia, mpaka mvua ikaimeza.

Sebuleni wageni walikaa na vikombe mikononi. Evelyn alikuwa akijaribu simu ya Titus kila mara. Mmoja wa wasichana alianza kulia, wakaomba. Walikuwa hawajafika "amina" vizuri Evelyn alipopiga ukelele.

"Jamani! Yuko online!"

Wakamrukia. Titus alikuwa ameweka picha kwenye status yake: sahani ya nyama choma, kachumbari, soda imefunguliwa. Nyuma yake zilionekana meza za hoteli fulani. Chini ameandika kwamba milima ilimshinda akashuka kujipongeza.

"Yuko Voi! Huyu mjinga yuko Voi anakula nyama!"

Nyumba ililipuka kwa vicheko. Walikumbatiana, wakapigana viganja, wakamtukana Titus kwa mapenzi. Aliyekuwa akilia alicheka na kamasi puani. Evelyn alimpigia, akaweka spika wote wasikie, na Titus akaeleza kwamba alipotea kidogo, akatokea upande wa pili wa msitu, akakuta bodaboda, akaona badala ya kupanda tena kilima chote kile, heri ashuke na kuwangojea huko chini. Simu ilikuwa imeisha chaji, ndiyo kwanza ameichaji. Alidhani wangejua.

Mable alisimama mlangoni na chupa ya chai.

"Na Baba Sharon?" aliuliza.

Evelyn alitazama simu yake kana kwamba jibu limo humo. Kisha akasema, kwa haraka ya mtu anayetaka neno fulani liwe kweli, "Si tumpigie tumwambie arudi?"

Mable akafungua kiganja, akawaonyesha simu ya Sylus.

*

Kina Obadiah walifika na mapanga na tochi, wakaingia msituni. Dereva wa wageni alisema barabara inazidi kuharibika, na wasipoondoka wakati huo hawatashuka tena mpaka kesho, na treni itawaacha. Evelyn alisita. Alimkumbatia Mable kwa nguvu, akamwita mama kwa lugha ya vijana wa Nairobi: "Atarudi, mathe. Yeye ndiye anajua huko." Aliahidi kupiga simu wakifika Voi. Wakapanda gari. Kweli alipiga, na kesho yake pia.

Obadiah alimkuta Sylus asubuhi, chini ya jabali, amelala chali juu ya mizizi, koti limepanda hadi kifuani. Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi na midomo imekuwa ya bluu. Walimbeba juu ya mlango walioung'oa kwenye banda, na ilipofika zamu ya Mable kumshika mkono aliukuta baridi kama jiwe la mtoni. Miguu yake ilikuwa inaning'inia ovyo, kila mtu aliona.

Sylus alifumbua mdomo. "Yule kijana?"

Obadiah alimtazama Mable. Wote waliokuwa wamebeba wakamtazama Mable.

"Amepatikana," Mable akasema. "Hawa wenzako walimpata huko ndani. Alikusikia ukiita, akafuata sauti."

"Alisikia?"

"Alisikia, Baba Sharon. Bila wewe angeporomoka."

Sylus akafumba macho. Uso wake ulilegea kwa namna ambayo Mable hakuisahau tena, kama mtu aliyetua mzigo. "Basi," akasema. "Afadhali."

Uongo ule ulimtoka Mable bila kuupanga. Kule hospitalini Voi, daktari alipomweleza kwamba uti wa mgongo umekatika na mumewe hatatembea tena, alishukuru kwamba alikuwa ameusema. Alimwita Obadiah pembeni, akamwomba asije akamwambia Sylus ukweli, na awaombe wengine pia. Obadiah hakupenda. Alikuwa mzee wa kanisa. Lakini alitazama kitandani, akakubali.

*

Mtu aliyezoea kupanda milima tangu utoto akiwekwa kitandani hafi mara moja. Anakufa kipande kipande, na anayemhudumia anaviona vipande vyote.

Mable alijifunza kumgeuza, upande huu na upande ule, ili vidonda visitoke mgongoni. Vikatoka hata hivyo. Alijifunza kumsafisha bila kumtazama usoni, kwa sababu akimtazama, Sylus alikuwa anageuzia uso ukutani. Kiti cha magurudumu walichopewa na kanisa hakikuweza kwenda popote. Kutoka mlangoni ni ngazi za mawe, na baada ya ngazi ni mteremko. Kilikaa kwenye kona, mwishowe Mable akawa anaanikia nguo juu yake.

Wageni hawakuacha kuja. Mable aliendelea kuwapikia, maana kabeji peke yake isingetosha dawa. Vijana wa kijiji walichukua kazi ya kuelekeza. Sylus alisogezewa kitanda kando ya dirisha linalotazama baraza, na kutoka hapo alisikiliza wageni wakivaa viatu, wakiulizana kuhusu maji na kofia, wakiondoka. Jioni alisikiliza wakirudi.

Kitu kimoja tu kilimpa nguvu. Mtu yeyote aliyeingia kumjulia hali, iwe ni kasisi, muuguzi au mgeni aliyechungulia kwa huruma, Sylus alimsimulia habari ya yule kijana.

"Kulikuwa na ukungu, huoni kitu. Niliita mpaka sauti ikakauka. Kumbe ananisikia! Akafuata sauti. Sasa yuko kwao, pengine ameshaoa."

Alisimulia vizuri zaidi kila mara. Mable alikuwa akitoka nje simulizi ikianza. Alikuwa akienda kusimama nyuma ya jiko, anaosha kitu ambacho hakikuwa kichafu.

Sharon alipokuja siku za mapumziko alimwambia, "Mama, siku moja atajua."

"Atajulia wapi? Yule mtu hawezi kurudi huku."

*

Titus alirudi mwaka wa pili, mwezi wa Machi, siku ya jua kali lililoonyesha milima yote hadi Kasigau. Alikuja na mchumba wake. Mable hakumtambua mara moja. Alikuwa amenenepa na kufuga ndevu. Titus ndiye aliyemkumbuka.

"Mathe! Bado uko hapa? Si unikumbuke, ule wa kamera!"

Mable alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alitaka kumwambia ashushe sauti, lakini alikuwa amechelewa. Titus alishakaa barazani, mgongo kwa dirisha, na tayari alikuwa akimsimulia mchumba wake.

"Hapa ndipo nilipotea, nilikuambia? Manze, ukungu! Nikatokea huko ng'ambo, nikapata mama anakata nyasi akanionyesha barabara, nikadandia boda hadi Wundanyi, nikashika gari hadi Voi. Hawa wengine bado wananitafuta, wanalia, wanaomba Mungu, mimi niko hotelini napiga nyama! Mpaka leo Evelyn hajanisamehe."

Msichana alicheka. Mable aliweka sinia chini.

Kisha sauti ya Sylus ikatoka ndani, pole pole. "Mama Sharon. Ni nani huyo?"

Titus aligeuka. "Huyo ni yule mzee? Yule mwelekezi wetu? Evelyn aliniambia aliumia mguu kidogo, akapona."

"Hakupona," Mable akasema. "Alirudi kukutafuta wewe. Alianguka huko akikuita, wewe ukiwa Voi."

Hakusema kwa hasira. Hakuwa na hasira, alikuwa na uchovu tu. Titus alisimama, akakaa, akasimama tena. Rangi ilimtoka. Mchumba wake alishika mdomo. Mable hakumwambia aingie, wala hakumzuia. Aliingia mwenyewe, akiinama mlangoni kwa urefu wake, akapiga magoti sakafuni kando ya kitanda.

"Mzee, sikujua. Naapa sikujua. Hakuna mtu aliniambia."

Sylus alimtazama. Alinyoosha mkono, akamgusa bega, kama mtu anayehakikisha kitu kipo.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Ulitokea wapi?"

Titus alimweleza akilia: mti ulioanguka, kijito, shamba la mikaratusi, mama wa nyasi. Sylus aliitikia kwa kichwa kila alipotaja mahali, maana alipajua pote.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakuita…"

"Nadhani nilikuwa nimeshafika barabarani, mzee. Nisamehe."

"Hukunisikia."

"Sikusikia mtu."

Sylus aliurudisha mkono wake juu ya blanketi. "Haya," akasema. "Nenda salama. Shukeni mapema, mvua ya jioni si nzuri."

Titus aliacha vitu barazani, sukari, majani ya chai, koti lake zuri. Aliahidi kurudi na daktari anayemjua Nairobi. Mable aliwaona wakishuka njiani, msichana amemshika kijana mkono, na alijua kwamba huyo hatarudi tena. Hakurudi. Alituma ujumbe wa pole mara mbili tatu, kisha ukimya.

Mable aliingia chumbani, akakaa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu hakukuwa na kingine. Sylus alikuwa anatazama dari.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujapatikana. Walimwona kwenye simu."

"Na Obadiah?"

"Na Obadiah."

"Na watu wote niliowasimulia," akasema Sylus. Hakuwa anauliza. Alikuwa anawaona mmoja mmoja: kasisi, muuguzi, majirani, wote wakimsikiliza kwa heshima na kuitikia kwa vichwa.

"Baba Sharon, nilitaka uwe na kitu."

"Nilikuwa nacho," akasema. "Nilikuwa nalalia hicho tu, Mable."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake tangu Sharon azaliwe.

*

Hakumgombeza. Mable angeona heri amgombeze, amtupie kikombe, amtukane mbele ya majirani. Sylus aliendelea kusema "asante" akipewa maji. Lakini hakusimulia tena. Kasisi alipokuja alijifanya amelala. Obadiah alikuja mara tatu kuomba radhi. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Akamwomba Mable asogeze kitanda mbali na dirisha, na Mable akasogeza.

Kuna jioni moja alimwuliza Mable swali. "Kama ungeniambia siku ile ile, unadhani ningekuwa nimezoea?"

Alifariki mwezi wa Julai, wakati wa ukungu mzito, asubuhi, Mable akiwa amekwenda kukata kabeji. Muuguzi alisema ni mapafu. Walimzika kwenye ngazi ya juu ya shamba, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waliosimama nyuma hawakuliona kaburi, walisikia tu udongo. Evelyn alituma shada la maua kwa basi. Lilifika limekauka.

Sharon alimchukua mama yake hadi Voi. Mable alikaa huko wiki chache katika chumba cha bati, akitokwa jasho, akitazama malori ya Mombasa yakipita, hana mgonjwa wa kumgeuza kitandani wala wa kumpikia uji. Mikono yake haikujua ifanye nini. Akarudi nyumbani. Sharon alilia, akamwambia kule juu hakuna kilichobaki, na Mable akasema anajua.

Vyumba vya nyuma alivifunga. Jina la Sylus lilikuwa bado kwenye mitandao, na Mable hakuwa ameking'oa kibao cha njiani kilichowaelekeza wageni, kwa hiyo watu waliendelea kuja. Jumamosi moja kundi lilisimama uani, mabegi mgongoni, wamependeza, wakiuliza kama hapa ndipo anapopatikana mwelekezi.

"Hapa hakuna mtu," Mable aliwaambia.

"Basi njia ni ipi, mama?"

Akawaonyesha kwa kidole. Waliingia wenyewe wakiimba. Mchana ukungu ulishuka, na kutoka jikoni Mable akaanza kusikia sauti zikiitana huko ndani, jina moja likirudiwa tena na tena, mara karibu, mara mbali. Hakuweza kujua kama wanacheza au wamepotezana. Zamani angekuwa ameshatoka mbio kwenda kwa Obadiah.

Aliketi. Alisikiliza, mikono magotini, moto ukizima mbele yake bila yeye kuuchochea. Sauti ziliendelea kwa muda, kisha zikakoma.

Jioni walipita njiani wamelowa, wakiwa wamekazana kuwahi gari. Mable hakuchungulia kuona kama wote wamo.